Bibi wa Byamungu

Jumatatu, 8 Mei 2017

Kamati ya fedha tena. Chai, keki, maji ya chupa, halafu tunajadili kubana matumizi. Nikasema tuanze na keki. Wakacheka. Sikuwa natania.

Mimi nataka magari ya wakuu yapunguzwe. Mwenyekiti anataka wakalimani wa zahanati na vituo vya polisi waondoke. Wageni wajifunze lugha zetu, anasema. Tumepatana: magari yapungue, wakalimani waende. Nimenyoosha mkono. Bunge la jimbo litapiga kura mwisho wa mwezi, lakini idara imeshasimamisha mikataba ya wakalimani kuanzia kesho. Kwenye kukata wanyonge tuna haraka.

Mgongo unauma. Keki nimekula.

Alhamisi, 11 Mei

Operesheni ya kukamata wageni wasio na vibali, Jules Street. Polisi, uhamiaji, kamera. Siipingi. Watu wa Malvern walionichagua wananilalamikia kuhusu wageni kila wiki, na nusu ya malalamiko ni ya kweli.

Mchana nikapigiwa simu: wamemchukua Byamungu. Fundi wangu, Mkongo wa Bukavu, suti zangu zote za bungeni ni mkono wake. Kibali chake cha ukimbizi kimeisha muda. Foleni ya kukiongeza, kila mtu anaijua.

Nikaenda kituoni. Mkalimani hakuna, bila shaka. Kiingereza cha Byamungu ni cha vipimo tu: kiuno, bega, njoo Jumamosi. Nikasema nitatafsiri mimi. Nimekulia Morogoro, wazazi wangu walikuwa uhamishoni kule enzi za ubaguzi wa rangi, hata shajara hii naandika Kiswahili kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuisoma. Nilijisikia wa maana sana.

Afisa akauliza nani anamtegemea. Byamungu akajibu, "Bibi yangu ni mugonjwa, iko peke yake ku nyumba." Nikamwambia afisa: ana bibi kizee, mgonjwa. Afisa akasema vizee hawahesabiwi, ni mke au mtoto tu. Angekuwa na mke mwenye kibali angebaki pale kituoni mpaka mahakama imsikilize. Akaandika, nikatia sahihi kama mtafsiri, akaita mwingine. Foleni ilifika barabarani.

Byamungu aliniangalia akitabasamu. Alijua ameshapona.

Ijumaa, 12 Mei

Amehamishiwa kizuizini, nje ya mji. Siku nzima nawaza yule bibi. Nani anampikia?

Jumamosi, 13 Mei

Nimenunua shali, unga wa uji, dawa ya kuchua miguu. Nimekwenda kwake Malvern, chumba cha nyuma ya duka la vipuri.

Amefungua binti. Tumbo mbele, uso umevimba, anashikilia mlango. Nikamwamkia, nikasema nimekuja kumwona bibi.

"Bibi njo mie," akasema.

Loo. Nilisimama na shali yangu kama mjinga. Morogoro bibi ni mama wa mzazi wako. Bukavu bibi ni mke. Nimeishi na Wakongo mji huu miaka na miaka, nimesalimiana nao, nimeshonewa nao, na hilo sikulijua.

Jina lake Furaha. Walifunga ndoa mwaka jana kanisani, Troyeville. Kibali chake kizima kabisa, kimo ndani ya Biblia. Ugonjwa wenyewe ni presha ya mimba. Nikamweleza nilichofanya, chote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinitengea chai.

Jumanne, 16 Mei

Simu tangu asubuhi. Kituo kinasema muulize mtu wa kizuizini. Kizuizini wanasema muulize mtu wa wizara. Wizara inasema maelezo yameshatiwa sahihi na mtafsiri ni mheshimiwa mbunge. Wataamini vipi kwamba alikosea? Yaani angetafsiri mpita njia wangesahihisha. Cheo changu ndicho kimemfunga yule mtu.

Nimetafuta wakili. Nimemfokea katibu wangu bure, kisha nikamwomba radhi.

Jumatano, 24 Mei

Wamempandisha ndege asubuhi. Wakili alikuwa bado anangoja tarehe ya mahakama. Nimempigia Furaha mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwingine. Akauliza kama Byamungu alikuwa na koti, maana alikamatwa akiwa na shati tu. Sijui. Sikuuliza hata hilo.

Nimelia ndani ya gari, kwenye maegesho ya bunge. Mlinzi akajifanya haoni.

Jumanne, 30 Mei

Kura. Nimesimama nikapinga. Nikawasimulia bibi na bibi. Mmoja wa upande wetu akacheka kwa sauti, akadhani ni kichekesho cha kuchangamsha kikao.

Wakalimani wameondolewa. Magari nayo yamerudishwa dakika za mwisho, yote. Kwa hiyo nilichouza nimekiuza bure. Kiranja wa chama ananiita kesho nijieleze. Aniite. Eish, nimechoka na watu hawa, na mimi nikiwemo.

Jumanne, 20 Juni

Baridi. Zahanati, benchi la ukutani, mimi na Furaha tangu milango ifunguliwe. Kikao cha asubuhi nimekikosa. Nimetuma ujumbe kwamba sipo, bila sababu.

Byamungu alipiga jana kutoka Bukavu, mtandao unakatika. Anashona kwa shemeji yake. Kuhusu mimi hakusema kitu, na sikutegemea.

Muuguzi anazungumza Kizulu na Kiingereza. Furaha akisema neno, namuuliza ana maana gani. Akinieleza, namuuliza tena kwa namna nyingine. Amechoka na mimi, ameanza kunicheka. Presha imeshuka kidogo. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, tumeusikia.

Muuguzi akauliza, bila kuinua macho, mimi ni nani. Nikasema mkalimani wake. Akaniambia nivute kiti.