Miguu Iliyokataa Mlima wa Nunguni

Jumatatu, 3 Februari

Mazoezi ya mlima tena, kutoka sokoni Nunguni kwenda juu. Miguu imekataa katikati. Si maumivu. Ni uzito tu, kama nimefungwa mifuko ya mchanga. Kocha anasema nimekuwa mvivu tangu tumzike dada yangu, Mwende. Mjinga yule.

Mwende alianza hivi hivi. Kuchoka, moyo kudunda bure, kutafuna odowa siku nzima, ule udongo mkavu wa sokoni. Alipojifungua, damu ikamwishia. Leo nimenunua odowa. Nilipoitia mdomoni nilimsikia akitafuna kando yangu.

Jumatano, 5 Februari

Dispensari. Damu iko chini, chuma kimeisha mwilini. Muuguzi anasema chuma si cha damu pekee. Misuli yenyewe inakihitaji ili ishike hewa na kuigeuza kuwa nguvu. Kikikosekana, misuli inachoka upesi hata kama mapafu ni mazima. Na sisi wakimbiaji tunakipoteza zaidi, kwa jasho na kwa nyayo kugonga barabara. Nimepewa vidonge.

Jumapili, 16 Februari

Akina mama wa kanisa wameniwekea mikono. Wakamwamuru Mwende aniache. Nimekasirika sana. Sitaki aniache.

Mama ananilea kama mtoto mchanga. Kila asubuhi ananiletea kidonge na chai nzito ya maziwa, majani mengi, ili dawa isinichome tumbo. Alimfanyia Mwende vivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna nafuu. Leo hata tambarare imenishinda, nimekaa kando ya barabara kama mgonjwa. Nikifumba macho namwona Mwende anahema, midomo myeupe. Naogopa kufa. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Dispensari. Damu haijapanda hata kidogo. Muuguzi akauliza nameza dawa na nini. Chai, nikasema, tena kwa kujivunia mama yangu. Akatikisa kichwa. Majani ya chai yanakishika chuma tumboni, kingi kinapita bila kuingia mwilini. Nimeze kwa maji, nile na chungwa, chai ingoje baadaye.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mwende alimeza vidonge vyake vyote. Hakuruka hata siku moja, Mama alihakikisha.

Nikimwambia Mama, nitammaliza. Nisipomwambia, kesho chai itakuwa mezani na mimi nitaendelea kuisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Alikuwa ameshamimina. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaimwaga chai nje ya mlango, akaosha kikombe, akanijazia maji.

Kisha akauliza, akiwa amenipa mgongo, "Na Mwende? Si yeye pia nilikuwa nampatia vidonge na chai?"

Nikasema vya Mwende vilikuwa vya aina nyingine.

"Aina gani?"

Nikameza kidonge. Nikanywa maji yote, polepole. Alikuwa bado amesimama pale.