Hoja Niliyokuandikia, Usiiwasilishe

Guangzhou,
Jumanne, baada ya Alasiri

Dada yangu Mwanaidi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba Mama miguu imempa nafuu. Mimi huku sina neno. Afya ipo, kazi ipo, na joto la hapa halinishindi. Nakuandikia kwa mkono badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe ndiye unayesema, mimi huishia "naam, dada". Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Barua anakuletea Bi Salama, mfanyabiashara mwenzetu wa Unguja, anayeondoka Alhamisi. Baraza lenu linaanza mkutano wiki ijayo, kwa hiyo utaipata kwa wakati.

Ni kuhusu ile hoja binafsi utakayoipeleka Barazani. Uliponiambia wajumbe mnachoka na mikutano mirefu, nikakwambia niachie mimi. Nikakuandikia kurasa mbili: siku za mkutano zipunguzwe nusu, Baraza lijadili bajeti na miswada tu, na maswali ya majimboni yaandikwe kwenye karatasi yapelekwe wizarani. Ukaisifu. Mimi nikajisifu zaidi. Sasa nakuomba, dada, usiiwasilishe.

Usikunje uso, ngoja nikueleze.

Hoja ile sikuitoa hewani. Niliitoa kwenye jumuiya yetu ya watu wa nyumbani hapa, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, kama nilivyokwisha kukwambia mara nyingi. Tunakutana Jumapili ya mwanzo wa mwezi kwenye mkahawa mmoja barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya pili, wafanyabiashara na wanafunzi pamoja. Zamani kikao kilikuwa hakina mwisho. Mtu anaanza na nafasi kwenye kontena, anamalizia na harusi ya binamu yake. Nilipochaguliwa nikaweka utaratibu: nusu saa, mambo matatu, yaani michango, mizigo na vibali vya kukaa. Lisilokuwemo halisemwi. Watu walinipigia makofi, wallahi.

Tukaenda hivyo miezi mitano. Kikao cha mwezi uliopita, dakika ya mwisho, Bi Salama akanyoosha mkono. Nikamuuliza kama neno lake liko katika yale matatu. Akasema si hasa. Nikamwambia basi na lisubiri mwezi ujao. Akakaa, wala hakununa, nami nikafunga kikao nikaondoka kabla ya chakula, na haraka zangu za mwenyekiti.

Jumatano yake nilikuwa soko la Zhanqian nanunua nguo za watoto, mvua imeshika, nikapigiwa simu kwamba stoo tuliyoikodi pamoja kuwekea mizigo imefungwa. Nilipofika nikakuta marobota yamepangwa nje ukutani. Laoban, huyo mwenye jengo, alikuwa amewataka wapangaji wote wahame, na tangazo lilibandikwa kwa Kichina wiki nzima. Marobota yangu manne yalikuwa yamelowa chapachapa. Ya Bi Salama hayakuwepo. Mlinzi alimdokeza mapema, akayahamisha, na wale aliokula nao siku ile ya kikao akawaambia, nao wakahamisha yao. Nikamfuata kwa hasira, nikamuuliza kwa nini alinyamaza kikaoni na anajua sote tuna mizigo mle.

"Sikunyamaza," akaniambia. "Nilinyoosha mkono, mwenyekiti."

Nikageuka, nikarudi kubeba marobota yangu pale ukutani.

Lakini si marobota yaliyonifanya nishike kalamu. Nguo nilizianika, nyingi zimepona. Jumapili hii nimefungua kikao bila saa wala orodha, nikasema mwenye neno aseme. Tukaenda saa mbili nzima, yakasemwa ya maana na ya upuuzi. Mwishoni akasimama msichana mmoja wa Tanga, Rehema, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye siku zote hukaa nyuma na hasemi. Akasema mama yake amefariki, sasa yapata miezi mitatu, na hakuweza kwenda kumzika. Alikuja vikao viwili kutwambia ili angalau tumsomee dua, na mara zote mbili nilifunga kabla hajapata moyo wa kusimama.

"Nikaona labda halimo katika yale matatu," akasema.

Dada, niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Kina mama wakamzunguka, tukamsomea marehemu palepale. Miezi mitatu mtoto wa watu analia peke yake chumbani, na sisi tunapongezana kwa kumaliza mapema.

Sasa tazama jimboni kwako. Wale kina mama wakulima wa mwani wanaokuja nyumbani kwako kila Ijumaa, swali lao la banda la kuanikia limo katika bajeti? Halimo. Mswada wao uko wapi? Haupo. Kwa hoja yangu ile usingekuwa na siku ya kuwasemea wala ruhusa ya kuwasemea, na karatasi yao ingelala wizarani chini ya karatasi nyengine. Kwa hiyo nimekuandikia hoja mpya, kurasa tatu, imo ndani ya bahasha hii. Siku ziongezwe, na asubuhi ya kwanza ya kila mkutano iwe ya maswali ya majimboni, lolote litakaloulizwa, kabla bajeti haijafunguliwa. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza, na hili nalisema bila kujisifu.

Wajumbe uliokwisha kuwaonesha ya zamani watanuna. Waambie mdogo wako alikosea, na jina langu litaje. Utaweza. Wewe ulikuwa ukibishana na mwalimu mkuu tangu darasa la nne, na yeye ndiye aliyekuwa akichoka.

Nibusie mikono ya Mama, umwambie dawa yake ya kuchua iko kwa Bi Salama. Shemeji yangu mpe salamu, viatu vyake nimepata saizi yake. Mwanao mkubwa mwambie mjomba anauliza matokeo ya mtihani, asijifiche. Na wale kina mama wa mwani wasalimie sana. Usiwaambie kwamba ni mimi niliyetaka wasisikike.

Au waambie.

Mdogo wako akupendaye,
Nassor