X Nyekundu kwenye Kibaraza cha Baba

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi la mitaro linaingia mpaka kwenye sufuria, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Basi naimwaga hapa.

Nianze na kosa langu kabla sijawageukia wengine. Kibaraza cha mbele ya nyumba yetu hapa Mabwerebwere alikijenga marehemu baba kwa mikono yake, mwaka aliostaafu kazi ya reli. Hapo ndipo mama anapokaanga maandazi kila asubuhi, na hapo ndipo nusu ya mtaa inapompa shikamoo. Jumapili kilibomolewa. Aliyesema kibomolewe ni mimi.

Mimi mwalimu. Msomi wa nyumba.

Ilikuwa hivi. Kwa muda mrefu tumekuwa tukisikia kwamba mji wetu utapata mabomba mapya ya maji, maana yale ya zamani yameoza kwa kutu na yanatuletea maji ya rangi ya chai. Tukasikia pia kwamba barabara ya mtaa itapanuliwa, iwekewe mitaro na lami. Habari mbili njema zikaja kwa pamoja, na hakuna aliyetueleza ipi inaanzia wapi. Wiki iliyopita wakapita watu wawili na kopo la rangi. Mimi nilikuwa shuleni, mama alikuwa sokoni. Tuliporudi tukakuta X kubwa nyekundu kwenye kibaraza, na namba pembeni yake.

Sasa niambie, ni Mtanzania gani anaona X nyekundu akafikiria maji? X ni bomoa. Tumeiona kwenye nyumba zilizokuwa kwenye njia ya reli mpya, tumeiona kwenye mabanda ya barabarani. Na kila mtu anajua kwamba ukisubiri waje kukubomolea wao, huokoti hata tofali moja. Mama alitaka tuulize kwanza. Nikamwambia, mama, tuulize nini tena, barabara inapanuliwa, tubomoe wenyewe tusije tukaaibishwa. Fundi alipoanza kugonga nyundo, mama aliingia chumbani akafunga mlango, hakutoka mpaka kelele zilipokwisha.

Vifusi tukavimwaga kwenye shimo la barabarani mbele ya nyumba, lile linaloangusha bodaboda kila mvua ikinyesha. Nikajiona nimefanya jambo la maana mara mbili.

Leo natoka shuleni, nawakuta mafundi wa bomba wamefika kwetu. Mmoja wao, mtu mzima aliyevaa reflekta, alikuwa amekwisha kumwamkia mama vizuri kabisa. Akaangalia ukuta, akaangalia daftari lake, akaangalia ukuta tena. Akasema nyumba hii wataiacha, haina alama. Wao wanaunganisha nyumba zenye X tu, kwa sababu kwenye X ndipo mita inapofungwa.

Mita.

Nilimuuliza mara ya pili nikidhani nimesikia vibaya. Bomba la zamani, akasema, linafungwa wiki hii hii. Nyumba iliyoachwa itasubiri awamu nyingine, na hiyo awamu nyingine yeye haijui ni lini. Mtaro ukishafukiwa na lami ikamwagwa, hakuna atakayeruhusu ichimbwe tena kwa ajili ya nyumba moja. Maana yake mama yangu, na magoti yake yale, aanze kuomba ndoo kwa majirani.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza taratibu, “Kwa hiyo, mwanangu, kosa letu ni kutii?”

Yule baba akainama. Akasema yeye ni wa kufunga mabomba tu, rangi ni watu wengine. Ndivyo ilivyo. Rangi ni watu wengine, kuchimba ni watu wengine, kutangaza ni watu wengine. Anayebaki bila maji ndiye peke yake anayejulikana kwa jina.

Nikampigia Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, aliyeolewa Mikumi. Mafundi hawa hawa wametoka kumaliza kwao. Alicheka kwanza, halafu aliponisikia sauti akaacha. Kumbe kule gari la matangazo lilizunguka siku mbili nzima: jamani, X ni ya mita, msiiguse. Nikamrudia fundi, mbona huku gari hatukuliona? Akasema liliharibika, liko gereji.

Gari liliharibika. Na miguu je, nayo iliharibika? Mtu mmoja alishindwa kutembea mtaa huu mmoja akasema maneno manne? Wale wa kopo la rangi walishindwa kuandika MITA, herufi nne tu, wakati rangi walikuwa nayo mkononi?

Nilikwenda kwenye mkoba wangu nikachukua chaki. Nyumba ya tatu kutoka kwetu Mzee Chuma alikuwa juu ya ngazi, anang'oa bati za banda lake kwa sababu ya X ile ile. Nikamwomba ashuke. Nikaandika MITA kwenye ukuta wake, nikaendelea na wa jirani yake, mpaka nikaumaliza mtaa.

Kisha nikachukua jembe, na gauni langu la kazini, nikaingia kwenye lile shimo la barabarani. Watu walisimama kunitazama, acha watazame. Nilichimbua vifusi mpaka nikapata vipande viwili vya saruji vyenye rangi nyekundu. Mama akaviosha kwa maji yale yale ya rangi ya chai, akavifuta kwa kanga, akavilaza mezani na kuviunganisha. X imerudi, na namba yake inasomeka.

Fundi amesema hawezi kuniahidi kitu, niende nayo ofisini. Nitakwenda kesho asubuhi, kabla ya kengele ya shule, na nitaiweka juu ya meza ya atakayeniambia nyumba yetu haina alama. Simwombi mtu msamaha wa kutii.

Nilimwomba mama abaki apumzike, vipande ni vizito, nitavibeba mimi.

Amekataa. Amesema safari hii yeye ndiye atakayeuliza, na kibaraza cha mumewe atakibeba mwenyewe.