Mwani Uliomtumia Mama

Chumba namba nne,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko kwenye mashamba yenu ya mwani? Wifi naye hajambo? Kile kikohozi chako kimehama, au bado mnagombania koo? Sisi tunashukuru Mungu. Mimi na cherehani yangu ni vilevile, ila mgongo umeanza kudai haki zake.

Mwani wako ulifika, gunia zima. Wewe nawe ukipenda hupimi! Ngazi zote zilinuka bahari, mpaka jirani yetu fundi viatu akauliza kama tumeanza kufuga samaki.

Mama alifurahi jamani! Mwani mwingine akautundika juu ya mlango kuzuia jicho baya, mwingine akausomea dua na kuutia chini ya mto. Hapo sina neno, maana usingizi aliupata kweli. Nami alinikanda goti kwa mwani wa moto, maumivu yakapungua. Usinicheke.

Balaa lilianzia kwenye kunywa. Unaijua ile tezi yake ya shingo. Ulimwambia achemshe kidogo tu, lakini kwa Mama, kidogo cha mwanawe ni dharau. Akawa anakunywa bakuli asubuhi, bakuli jioni. Vidonge vya hospitali akavifungia kabatini, eti dawa mbili zisije zikagombana tumboni! Mimi nimeinamia vitambaa vya watu, sikuona kitu. Najilaumu sana.

Jumanne moyo ulianza kumwenda mbio, mikono ikatetemeka hata kikombe kikamshinda. Nikamkimbiza hospitali. Daktari alisema mwani una madini joto mengi, na tezi ya Mama haiyawezi. Asiunywe tena kabisa, na arudie vidonge vyake. Kaka, niliogopa. Nilijua tunampoteza.

Sasa ametulia, anakula, na kunisema ananisema kama kawaida. Lakini mwani haachi. Nimeuficha mara mbili, na mara mbili ameupata. Jana nikamkalia kitako: “Mama, unataka kufa?”

Akasema, “Huu mwanangu ameuanika kwa mikono yake. Mwaka wa sita huu sijaiona hiyo mikono. Unataka ninywe nini?”

Nikalia.

Basi kaka, usitume tena mwani, hata jani moja. Njoo wewe. Hata siku tatu zinatosha.

Msalimie wifi, na wanao wabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Fundi viatu naye anakusalimu, pua yake imepona.

Mama nimemwambia nakuandikia. Kasema nisikusumbue, una kazi nyingi. Halafu nimemkuta anakitandika kitanda chako.

Mungu akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata ukikawia.