Kilemba cha Njano Kwenye Nyumba ya Kijivu

Mke mwenzangu,

Salamu sikuletei. Wewe ndiye uliyetakiwa kuniamkia mimi, na miaka yote ile shikamoo yako ilikutoka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyebaki wa kusengenya naye. Mume wetu unamjua, kwake kila kitu ni sawa tu. Na mwanao Kabula ameingiwa na wazimu wa rangi ya kijivu.

Unakumbuka alituahidi nyumba Kahama, wewe ukasema utaamini ukiona bati. Basi bati lipo. Biashara yake ya marudio kule Segese imemkubali. Ananunua lile tope lililokwisha kukamuliwa dhahabu, analikamua tena, anapata. Kuokota mali kwenye uchafu wa wenzake, akili hiyo ni yako, simcheki. Mwaka wa pili tangu ututoke, katuhamisha mimi na baba yake kutoka kijijini. Vyumba vitano, choo ndani, maji yanatoka ukutani. Ningekuwa nakaa kwa raha zangu kama si picha.

Siku moja alinikalisha, akafungua simu, akanisomea. Ati kila chumba na kijivu chake, ukutani na kwenye picha. Sebuleni kinawekwa kijivu kizito, mgeni akiingia ajue hapa pana utulivu. Chumbani kijivu chepesi cha kupumzisha macho. Mezani pa chakula kijivu chenye joto. Nikamuuliza, kijivu chenye joto ni kipi zaidi ya majivu ambayo hayajapoa? Akasema, mama mkubwa, haya mambo ya kisasa huyaelewi. Kweli siyaelewi. Mimi na wewe tumekandika kuta kwa mikono yetu, udongo wa mbugani, samadi na majivu, mpaka kucha zikasahau rangi yake. Kijivu tulikuwa nacho bure. Nilidhani tukipata pesa ndiyo tunakikimbia.

Ngoja nikutembeze, maana ungekuwa hai ungekuwa umeshazunguka mara tatu huku umebana pua.

Sebuleni kuna ng'ombe. Usifurahi. Ni ng'ombe wa pichani, wa kijivu, mwenye manyoya mpaka machoni, pembe kama mpini wa jembe uliopinda, na anamtazama kila anayekaa kama anamdai malisho. Kabula anasema ni ng'ombe wa Ulaya. Mume wetu, mtu aliyekuwa akimtambua ng'ombe wake kwa baka la sikio akiwa ng'ambo ya mto, alimwangalia akasema huyu hajapelekwa josho. Halafu akakaa chini yake akaomba chai. Hiyo ndiyo jeuri yake yote.

Mezani pa chakula kuna bakuli la matunda ya kijivu. Embe la kijivu, wewe, si la kumtupia nguruwe? Sasa ndilo natazamana nalo nikila. Kwenye korido kuna daraja limefunikwa na ukungu, halina mtu, halina mwanzo wala mwisho. Chooni, ndiyo, hata chooni, kuna jani moja. Jikoni ninakoshinda kutwa nzima hakuna kitu, nashukuru Mungu.

Chumbani kwangu aliniletea unyoya. Unyoya mmoja mkubwa, mrefu kunizidi, juu ya kitanda. Nikamwambia, mwanangu, mwanamke wa umri wangu huku kwetu, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote hii, asikutwe na unyoya juu ya kitanda. Wanawake wameitwa wachawi wakauawa kwa kidogo kuliko hicho. Akacheka, akasema hapa ni mjini. Nikaugeuza uso kwenye ukuta, na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo.

Haya yote ni mzaha. Nilichotaka kukuambia ni kuhusu picha yako.

Kabula alitaka picha yako kubwa pale sebuleni, mkabala na ng'ombe. Ni haki yake. Lakini picha yako ni moja tu duniani, ile ya gulioni, na umeikumbuka, maana siku ile tulikuwa hatusemeshani. Mume wetu alikuwa ameuza mpunga, akatununulia vitenge, sare, maua mekundu na bluu, asije akasikia kelele kwamba kapendelea. Akili yake ikaishia hapo. Kwenye vilemba akaleta kimoja cha njano na kimoja cha kijani. Mimi ndiye mkubwa, mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye cha njano, wewe ukakinyakua ukakifunga palepale, fundo mbele, kama mtu aliyezaliwa nacho. Wiki mbili sikukusemesha. Nikavaa cha kijani na roho yangu ya kijani.

Kwa hiyo tumekaa benchi moja kama watu wanaosubiri hukumu. Wewe umenuna. Mpiga picha anahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu, bila kugeuza shingo, ukaninong'oneza, "Mtazame mume wako alivyosimama, utadhani kameza mpini." Nikacheka. Picha ikanikamata meno yote nje, na wewe umekaa umenuna vilevile, mnafiki mkubwa.

Sasa Kabula akaituma kwa simu kwa hao wanaochapa picha, Mwanza. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mlango uko wazi. Nikamsikia akiwaelekeza. Waigeuze yote iwe ya kijivu iendane na ukuta. Chini waandike MAMA kwa herufi kubwa. Halafu akasema, "Mbakize mwenye kilemba cha njano. Yule mwingine mwondoe."

Yule mwingine ni mimi.

Niliendelea kuchambua mchele. Iliniuma, Mama Kabula. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kwenda kumsimulia mtu. Unajua tumbo langu lilikataa, na ndiyo maana ukaletwa. Unajua pia ulichofanya ulipomwachisha huyo mtoto ziwa. Ulimbeba mpaka mlangoni kwangu, ukamtua kama kapu la viazi, ukasema, "Shika, analia sana." Ukaondoka. Hukueleza, na mimi sikuuliza, nikaogopa usije ukabadili mawazo. Miaka yote alilala kwangu, surua yake niliiuguza mimi, sare zake za shule nilizifua mimi, na wewe ulipita kila asubuhi kutazama kama nimemsuka vizuri na kusema sikumsuka vizuri. Leo naondolewa kwenye benchi kama kinyesi cha kuku. Nikasema moyoni, sawa. Aliyezaa ndiye aliyezaa. Nikaosha mchele nikabandika.

Picha ililetwa Kabula akiwa Segese. Fundi akapiga msumari, akaining'iniza, akafungua karatasi, akaondoka. Nikatoka jikoni kwenda kukusalimia.

Nilikuta mimi.

Mimi mwenyewe, wa kijivu, mkubwa kama mlango, meno nje, na chini yangu imeandikwa MAMA. Wewe hupo. Umebaki bega tu, pembeni, ua moja la kitenge.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Nilitaka nione katika nyumba hii nani anaijua sura yangu. Mume wetu akaja, akaketi, akanyanyua macho, akakohoa kwa majonzi. Akasema, "Wamempendezesha marehemu." Na nimelala ubavuni kwa mtu huyu tangu nikiwa binti. Nikamwongeza chai. Siku mbili nzima amekaa chini ya uso wangu akikulilia wewe, na kila nikipita na sinia ananiambia nipunguze sukari.

Siku ya pili akaja shemeji yetu wa Ushetu, yule wa tumbaku, ambaye kwenye msiba wako alisema mvua imemzuia, na mvua yenyewe haikunyesha. Alipofika nilikuwa uani. Akaingia, akaiona picha, akavua kofia. Ndipo nikamsikia akimpa kaka yake pole, sauti imelegea, kwamba kumbe na Nyamizi naye ameondoka na hawakuambiwa, na kwamba Nyamizi alikuwa mwanamke mwema ingawa mdomo wake ulikuwa mkali. Yeye peke yake alinitambua, mke mwenzangu. Mpumbavu kuliko wote, lakini macho anayo. Nikaingia na birika. Sikumbuki nilisema nini, nadhani nilimkaribisha tu. Aliruka kama aliyeona mzimu, chai ikabaki kwenye kapeti ya kijivu, na doa lake ndiyo rangi pekee iliyomo chumbani mle.

Hata hapo mume wetu alisema ndugu yake amezeeka, anachanganya watu.

Kabula alirudi siku ya tatu. Aliingia na mkoba begani, akatazama ukutani, akasimama. Mkoba ukashuka wenyewe. Akanitazama mimi, akaitazama picha, akapiga simu Mwanza kwa sauti ambayo ingekufurahisha, ni yako kabisa. Yule wa Mwanza akajieleza, na Kabula akaweka sauti ya nje nisikie. Ati aliigeuza kijivu kwanza kama alivyoagizwa. Ndipo akaanza kutafuta kilemba cha njano. Njano ikawa haipo tena. Vilemba viwili, vyote kijivu, vitenge sare, wanawake wawili. Akambakiza aliyekuwa anacheka, akaona huyo ndiye atakuwa mama.

Hiyo ndiyo akili ya kijivu. Ugomvi wetu wote wa kilemba, wiki mbili za kununiana, ukafutwa na kijana aliyebonyeza kitu kimoja.

Kabula akakata simu. Nikavuta kiti nipande niitoe, huku namwambia asilie, watamtengenezea nyingine, safari hii awaambie wamwache aliyenuna. Nilikuwa nimeshashika fremu. Akaniambia, "Iache, mayu. Walichoandika hawajakosea."

Mayu. Hilo neno la kwetu la kumwita mama lilikuwa lako. Tangu ajue kusema, mayu ni wewe, mimi ni mama mkubwa. Nilibaki juu ya kiti kama kuku aliyeparamia paa, sijui nishukie upande gani. Nikamwambia asinitundike ukutani mimi bado nakula. Kisha nikaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Lakini unanijua, siwezi kupewa kitu nikanyamaza. Kesho yake niliichukua ile ya gulioni, nzima, na rangi zake, nikampelekea fundi wa fremu pale sokoni Kahama. Akaniuliza nataka fremu ya kijivu, ndizo zinazokwenda siku hizi. Nilimtazama mpaka akaleta ya mbao. Nimerudi, nimemshusha yule ng'ombe, nimempeleka chooni akae na jani lake, labda atalila. Mahali pake tumekaa sisi wawili kwenye benchi, njano na kijani, wewe umenuna, mimi nacheka. Kabula amesema inaharibu mpangilio wa chumba. Nikamwambia ndiyo kazi yake. Hajaigusa. Jana nimemkuta amesimama mbele yake na kikombe, chai imepoa, ananiuliza siku ile ulininong'oneza nini. Nimemwambia. Amecheka na kulia kwa pamoja, kisha akageuka kumtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Kweli kabisa kameza mpini.

Ile ya kijivu bado ipo mkabala. Wageni wanaposoma MAMA wananiangalia mara mbili. Nawaacha. Nikipita nalitazama bega lako pale pembeni, na ninajua wewe tu ndiye unayejua kinachonichekesha.

Basi, lala. Ukubwa wangu bado uko palepale, nikija uniamkie vizuri. Kabula nitamwangalia, na nitamsuka vibaya kama kawaida. Na kile kilemba cha njano ninacho. Nilikikuta kwenye sanduku lako baada ya maziko, nikakichukua bila kuomba, kama ulivyokichukua wewe. Nakuahidi siku yangu ikifika nitakuja nacho huko. Ila nitakuwa nimekivaa mimi.

Mke mwenzako,
Nyamizi