Mbegu Zilizoonja Chumvi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na anasema kwenye ile picha uliyotutumia umekonda.

Uliandika kwamba shamba la mama limekufa, basi tuliuze. Nilikawia kujibu kwa sababu nilitaka kukujibu kwa nyanya.

Ni kweli kisima kimeingia chumvi, nami nikazidisha madhara. Kila siku nilimwagilia kidogo kidogo. Jua likanyonya maji na kuacha chumvi juu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Majani yakaungua ncha. Sasa namwagilia mara chache lakini kwa maji mengi, yaisukume chumvi chini ya mizizi, kisha nafunika udongo kwa nyasi kavu.

Mbegu nazo huzoezwa mapema. Bwana shamba alinieleza niziloweke kwenye maji ya chumvi kidogo kabla ya kuzipanda, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi, msomi wa nyumba, nikatia konzi nzima ya chumvi. Haikuota hata moja! Wifi yako akaniuliza kama naotesha nyanya au natengeneza achari, akaenda kuwasimulia majirani wote. Mara ya pili nikatia kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, nikaziloweka siku nzima, nikazisuuza na kuzianika kivulini. Zikaota, mdogo wangu, zikasimama! Leo tumechuma ndoo nne. Ni ndogo kuliko zile za mama, lakini tamu ajabu. Wifi yako amekula tatu palepale shambani, akanikataza kuzihesabu.

Sasa nina jambo la kukiri. Yule mnunuzi uliyemtuma alifika, huu ni mwezi wa pili. Sikumdanganya, nimefundisha watoto miaka thelathini wasiseme uongo. Nilimkaribisha tu kwa bilauri ya maji ya kisima, imejaa pomoni. Alitema, akaniaga akiwa tayari nje ya lango. Nawe uliponiuliza kama amekuja, nikanyamaza.

Nisamehe. Shamba ni lako kama lilivyo langu. Njoo uonje kwanza. Ukishaonja, ukisema bado tuuze, nitamwita mimi mwenyewe, na safari hii nitampa maji ya chupa.

Msalimie shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba amewawekea ndoo moja, waje kabla mkewe hajaimaliza.

Ni mimi kaka yako, nikusubiriye kwa hamu na kwa woga kidogo.