Ukoko wa Jumamosi

Kindu, mtaa wa Kasuku
Jumanne jioni

Yaya Soudi, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Butembo, wewe, mkeo Annie na watoto ambao sijawaona. Mimi mdogo wako Zainabu ni mzima, bado nafundisha darasa la tatu, na koo limekauka kwa kuwapigia kelele watoto wa watu. Mama naye yupo. Macho yamezidi kuwa na ukungu, sasa ananijua kwa sauti tu, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Dawa uliyompa mfanyabiashara Kyakimwa ilifika. Mama aliipokea, akauliza kwa nini dawa inajua njia ya Kindu na mwenye dawa haijui. Nakuandikia kama alivyosema.

Habari kubwa hapa ni ya shule. Wakubwa wa elimu wanataka kupunguza siku za masomo, zitoke sita ziwe tano, wakatuita walimu na wazazi tutoe mawazo. Watoto wa ng'ambo, kule Alunguli, wanavuka mto kwa mtumbwi na tumbo tupu, wengine wanalala juu ya dawati kabla jua halijapanda. Walimu nasi tunataka siku ya shamba. Ugomvi ulikuwa siku gani iondoke. Waislamu wenzetu walitaka Ijumaa, Waadventista walitaka Jumamosi, na Okito, baba mmoja anayeendesha pikipiki ya abiria, akasema heri iondoke Jumatatu, maana tangu azaliwe hajaona faida yake. Tulicheka sana. Mwisho mkurugenzi wa shule, Valère, akaomba mikono ya wanaotaka Jumamosi iondoke, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu.

Sababu yangu sikuisema pale. Nakuambia wewe.

Unakumbuka mwaka ule wa vita, mji ulipozungukwa na walimu hawana mshahara, Jumamosi ilikuwa siku ya kulima shamba la walimu, kila nyumba ikitoa mtoto mmoja. Kwetu zamu ilikuwa yako, na Mama alikuwa anamwekea aliyelima ukoko wa wali, peke yake. Jumamosi ile ulikuwa umelala na homa. Mdogo wetu Amuri akachukua jembe lako, akatoka mbio, furaha yote ikiwa ni ukoko. Wenye silaha waliwakuta karibu na reli. Amuri aliletwa nyumbani maiti, juu ya mlango wa mtu uliong'olewa. Baba, kwa uchungu, akasema mbele ya waombolezaji kwamba zamu ilikuwa yako. Kabla ya arobaini ukapata nafasi katika ndege ya mizigo, ukaenda. Hata Baba alipozikwa hukuja.

Tangu mwaka ule Mama hajaacha. Kila Jumamosi anapika wali, anafunika ukoko kwenye sahani. Kile kipande cha reli tunachogonga shuleni kikilia adhuhuri, anabeba kiti chake mpaka njiani na kukaa pale hadi mtoto wa mwisho apite. Siku hizi haoni, anasikiliza miguu tu. Majirani wakimpita wanashusha sauti. Sisi sote tulijua anamngojea Amuri, na iliniuma, Yaya, iliniuma kumwona mama yangu anamngojea mtu aliye kaburini. Ndiyo maana niliinua mkono. Niliona kengele ikinyamaza, naye atapumzika.

Jana uamuzi ukatangazwa kwamba Jumamosi imeondolewa. Nikarudi nyumbani, nikaketi karibu naye, nikamweleza polepole. Nikamwambia pia kwamba Amuri ametangulia, tumwombee, tusimngojee tena njiani.

Mama akasema: “Zainabu, unaniona mimi muntu wa kupotea akili? Amuri nilimuosha na hii mikono. Mufu hangojewi njiani. Ule ninamungojea njo Soudi.”

Kumbe anayengojewa ni wewe, Yaya. Akaendelea kwamba wewe ndiwe mwenye ukoko tangu zamani, na kwamba moyoni aliweka kuwa utakaporudi utarudi Jumamosi, saa ya kutoka shambani, kama ulivyozoea. Homa yako aliijua, maana yeye ndiye aliyekukataza kuamka na kumpa Amuri jembe. Siku Baba aliposema lile neno, alitaka kulikataa, lakini kilio kilimziba. Alipotaka kulisema kesho yake, na siku nyingine, Baba hakutaka kusikia jina lako, na wewe ukaondoka. Kisha akaniagiza haya: “Andikia Soudi. Anaogopa neno ya baba yake. Ile neno ilishakufa pamoja na mwenye aliisema.”

Yaya, nimelia. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo, lakini lako lilikuwapo miaka yote hii, limefunikwa kwenye sahani, nasi tukalila kila Jumapili asubuhi tukidhani ni la marehemu.

Nilimwomba Mama msamaha kwa ajili ya kengele. Akasema haina neno: kama Jumamosi wameiondoa, yeye hana tena siku ya kuchagua, siku zote ni sawa.

Nisalimie Annie, uwabusu watoto. Okito wa pikipiki anakusalimu, anasema atakupokea bila nauli. Mungu akufungulie njia.

Leo ni Jumanne, Yaya. Mama amepika wali, na kiti chake kiko njiani.

Mimi mdogo wako,
Zainabu